Miguu Iliyoazimwa na Mchawi

Nilipokuwa mtoto kwetu Butiama, wazee walikaa kikao wakaamua kwamba miguu yangu inaazimwa na mchawi. Miguu yenyewe ilikuwa myembamba kama ya korongo, magaga tupu, na hadi leo sijaelewa ni mchawi gani mwenye akili zake angeitamani.

Ilikuwa wakati dada yangu Wegesa alipoanza kuchoka. Wegesa alikuwa binti wa kubeba ndoo kichwani huku akigombana na mtu njia nzima bila kumwaga tone. Ghafla akawa anakaa chini katikati ya njia ya kisimani. Damu ikawa inamtoka puani, leo inakatika, kesho inarudi. Viganja vikapauka. Kisha mapajani yakamtokea mabaka ya rangi ya zambarau iliyoiva, na hakuna mtu aliyekuwa amemgusa.

Hakuna aliyeuliza huu ni ugonjwa gani. Swali la nyumbani kwetu lilikuwa ni nani.

"Huyu mtoto anapigwaga usiku," alisema Baba mdogo Magori, akikagua yale mabaka kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. "Na damu wanamnyonya. Hamuoni alivyokauka?"

"Shemeji, tumpeleke Musoma hospitali," mama akasema kwa sauti ya chini.

"Hospitali wanatoaga damu! Hii kidogo iliyobaki nayo waichukue?"

Hoja hiyo ilinishinda, nikiwa darasa la tatu. Kinachonikera ni kwamba iliwashinda na watu wenye ndevu.

Basi kikafanyika kile kilichokuwa kikifanyika kwetu. Jioni Baba mdogo alichekecha majivu ya kinyesi cha ng'ombe, laini kama poda, akayatandaza mlangoni pa nyumba tuliyolala ili mchawi aache nyayo. Asubuhi ukoo mzima ulikuwa umeinama pale mlangoni. Nyayo zilikuwepo, ndogo, zimetoka na kurudi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitoka kukojoa."

Baba mdogo akaukamata mguu wangu, akauweka juu ya unyayo. Ukaingia kama kifuniko kwenye sufuria yake. Nikajua kesi imekwisha.

"Mnaona?" akasema. "Mchawi hatembeagi na miguu yake. Ameazima ya mtoto. Huyu anakulaga kwa nani?"

Vichwa vyote vikageukia ua wa minyaa, upande wa pili, kwa Mama Nyangeta, mjane aliyekuwa akitugawia watoto wote viazi vya kuchoma. Hakuna aliyelitaja jina. Halikuwa na haja ya kutajwa.

Kondoo akachinjwa. Nikanyolewa kipara, miguu ikapakwa taka za tumboni mwa kondoo hadi magotini ili isiazimike tena, nikakatazwa kunawa. Shuleni nilipewa dawati la peke yangu, hata mwalimu akawa anafundishia dirishani. Wakati huo Wegesa amelala kwenye mkeka, ufizi unavuja damu. Mgonjwa ni Wegesa, anayetibiwa ni mimi!

Nimezunguka sana tangu siku hizo. Nimeendesha malori hadi Lubumbashi, Lusaka, Durban, nimelala mipakani na madereva wa kila kabila, nikajiona mjanja. Kisha, nikiwa nimeshapita hamsini, nikaona mabaka mapajani mwangu. Nikalaumu usukani. Mswaki ukawa unatoka mwekundu, nikalaumu mswaki. Aliyenipeleka hospitali ni mke wangu, na alinipeleka kwa ugomvi. Hapo Musoma wakanipa rufaa ya Mwanza, nikachomwa sindano ya uboho nyongani, nikapiga kelele ambazo dereva wa lori hapaswi kupiga.

Daktari, binti mdogo tu, alikaa kitandani kwangu akanieleza kwamba ni saratani ya damu. Uboho unatengeneza chembe mbovu, zinajaa, zinazibana zile za kugandisha damu, ndiyo maana ngozi inavilia bila kuguswa na mtu.

Bila kuguswa na mtu. Nikalia.

"Baba, usikate tamaa, dawa zipo," akasema.

"Simlilii huyu baba unayemwita," nikamwambia. "Namlilia dada yangu."

Dawa za dripu zilininyoa vizuri kuliko wembe wa ukoo. Mdomo ukawa vidonda, samaki sato akawa na ladha ya msumari. Sasa nipo nyumbani Bweri, hapa Musoma. Daktari hasemi nimepona, anasema imetulia, na mimi nimejifunza kuishi na neno hilo. Nikipanda ngazi tatu napumzika kama bibi harusi. Nikijigonga kwenye meza nakesha nalitazama lile baka linabadilika rangi. Kila tarehe ya kupima damu ikikaribia, nyumba nzima inaongea kwa upole, jambo ambalo si kawaida ya nyumba yangu. Na jirani mmoja, kwenye msiba, alinitengea kikombe changu peke yangu. Nikakinywea, nikamrudishia nikamwambia asisahau kukizika.

Mwezi uliopita bodaboda ilimshusha Baba mdogo Magori getini. Amezeeka, lakini jicho lile lile la mnadani. Akakitazama kipara changu, akaketi.

"Mwanangu, umemkosea nani?"

"Nimeukosea uboho, Baba mdogo."

Hakucheka. Akasogea, akashusha sauti. "Yule mama wa hapo nyuma, anayefuga bata. Macho yake siyapendi."

Hapo utani ukaniisha. Nilihisi joto limenipanda hadi masikioni, na mimi siku hizi sina damu ya kuchezea.

"Baba mdogo, chai utakunywa, kitanda utapewa, nauli ya kurudi utapewa. Lakini jina la mtu hulitaji ndani ya nyumba hii. Hata la bata."

"Sisi tulimpenda Wegesa," akasema.

"Najua."

Najua kweli, na hapo ndipo hasira yangu inapokosa mahali pa kukaa. Angekuwa mtu mbaya ningepumzika. Lakini huyu ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani, siku ilipoamuliwa hatimaye kwamba hospitali nayo ijaribu. Musoma daktari alimtazama akauliza mlikuwa wapi. Wegesa alikufa kabla hatujajibu.

Ninalolikumbuka mimi ni la siku chache kabla ya hapo. Mama Nyangeta, aliyekwisha kukatazwa kukanyaga kwetu, alipita kwenye upenyo wa minyaa na kibuyu cha uji wa ulezi. Alikuwa akimwita Wegesa mkwe wangu tangu akiwa mchanga, kwa utani, na yeye hakuwa na mtoto wa kiume hata mmoja.

"Mkwe wangu, onja kidogo tu. Ni wa moto."

Dada yangu, midomo imepasuka, akageuzia uso ukutani.

"Mwambieni aondoke. Damu yangu ameshiba, sasa anataka nini?"

Mama Nyangeta alikiweka kibuyu chini taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto, akaondoka. Mvua za mwaka huo hazikumkuta kijijini. Walisema yuko Kiriba kwa kaka yake. Mama aliumwaga uji nyuma ya zizi, analia.

Sidanganyi kwamba Wegesa angepona. Dawa zilizonifikia mimi Mwanza pengine siku zile hazikuwepo hata kwa jina. Pengine angekufa tu. Lakini watu waliompenda walimwambia msichana anayekufa kwamba kuna mtu anamchukia, na yeye akawaamini. Angeambiwa anaumwa, basi, kama watu wengine wanavyoumwa, angekuwa na jirani hadi siku ya mwisho.

Angekunywa ule uji.