Sharubu za Paka na Shali la Mgeni Rasmi

Naomba nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa kuona aibu kwa vitu vidogo, nimewahi kuimba kwaya kanisani nikaanza ubeti kabla ya wenzangu na nikaumaliza peke yangu kama vile ndivyo tulivyopanga, lakini yaliyonikuta siku ile ya maonyesho pale shuleni kwetu Sumbawanga, jamani, mpaka leo nikiyakumbuka naziba uso kwa mikono hata nikiwa peke yangu chumbani.

Kuna mwenzetu darasani anaitwa Yustina, haoni tangu akiwa mdogo (na ukianza kumwonea huruma anakuuliza swali la hesabu mpaka huruma inakutoka). Fimbo yake nyeupe inamweleza vizuri habari za chini, mashimo, ngazi, ndoo ambayo mtu kaiacha njiani, ila habari za usoni haizijui, yaani kamba za nguo, matawi, na hasa yale madirisha ya bweni yanayofunguka kwa nje, ambayo yalikwisha kumwachia alama kwenye paji la uso. Sasa mwalimu wetu wa fizikia, Madam Atupele, mwenyeji wa Mbeya asiyecheka ovyo, alipotuambia tubuni kifaa cha kumsaidia mtu mwenye ulemavu kwa kuiga mnyama au mmea, Yustina ndiye aliyeleta habari za paka wa jikoni, kwamba wapishi wanasema anapita katikati ya magunia ya mahindi stoo gizani asiguse hata moja, na kama ni gizani basi hayo si macho, ni sharubu.

Basi tukatengeneza sharubu. Tulikuwa watatu, mimi, Yustina na Sikazwe, ambaye kazi yake kila likizo ni kufungua simu mbovu za mtaa mzima. Tulichukua kofia ya sufu ya kuvaa wakati wa baridi, tukaipachika kila upande nyuzi ngumu za fagio la plastiki zikachomoza mbele ya uso, na kwenye shina la kila unyuzi Sikazwe akaweka kile kidude kinachofanya simu itetemeke, kwa hiyo unyuzi wa kushoto ukigusa kitu unasikia mtetemo kwenye panja la kushoto, unajua kuna kitu, unainama au unapinda, unapita. Yustina aliivaa kila siku, darasani na nje, mpaka akawa anapita chini ya kamba za nguo kama hakuna kitu. Mimi niliivaa mara moja tu, darasani, macho yakiwa wazi.

Siku ya maonyesho wazazi walijaa uwanjani, turubai zimefungwa, kina mama wanapika nyuma ya madarasa, na mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole wa sura, amejifunika shali zito la sufu kwa sababu upepo wa kwetu mnaufahamu, mwezi wa saba unapita hata kwenye sweta. Kundi litakaloshinda lingepelekwa kuonyesha kazi yake nje ya mkoa. Mpango ulikuwa Yustina apite kwenye njia tuliyoiandaa, kwanza tawi lililofungwa kwenye mti, halafu kamba yenye shuka lililoning'inia, kisha amalizie mbele ya meza ya majaji.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilipoona ule umati nikamfuata Madam nikamwambia ingependeza zaidi mtu anayeona afungwe kitambaa machoni apite yeye, watu washangae zaidi, tena Yustina asije akajikwaa mbele za watu (hilo la kujikwaa nilikuwa namaanisha, ila sitakuficheni, suruali yangu nilikuwa nimeipiga pasi na nilitaka ionekane). Madam akasita, akamwuliza Yustina. Yustina akanigeukia.

"Kizito, nje kuna upepo," akasema. "Unajua kutofautisha?"

Nikamjibu najua. Kutofautisha nini, sikuuliza.

Sikazwe akanifunga macho kwa tai mbili za shule, akanivalisha kofia, akanipa maiki mkononi ili niwe naeleza huku natembea. Nikasalimia umati, nikaanza. Hatua za kwanza tu upepo ukavuma, nyuzi zote zikacheza, na kichwa kizima kikaanza kutetemeka kushoto kulia kama kuna simu zinapigwa ndani yake. Mimi nikajua hilo ndilo tawi. Nikainama nikapita, nikatangaza kwenye maiki kwamba hapa kifaa kimenionya kuhusu tawi. Nikainuka, upepo ukaja tena, nikajua tawi lina matawi mengine, nikainama zaidi, nikapiga magoti, mwisho nikawa natambaa na ile suruali kwenye vumbi huku naeleza kwa sauti ya mtaalamu, na watu wakaanza kushangilia, au mimi nilidhani wanashangilia. Baadaye Sikazwe aliniambia kwamba wakati wote huo mbele yangu palikuwa peupe, na kwamba lile tawi nilikuwa nimeliacha mbali upande mwingine kabisa.

Nikasimama. Sasa ukifungwa macho unadhani unakwenda mbele, kumbe mwili unapinda wenyewe, na mimi nilikuwa nimepinda kuelekea kwenye turubai la wageni. Upepo ukatulia kidogo, halafu nikasikia mtetemo mzito upande wa kulia, nikanyoosha mkono, nikashika kitambaa. Furaha niliyopata hapo siwezi kuieleza, kwa sababu kitambaa ni shuka, na shuka maana yake nimefika. Nikasema kwenye maiki, taratibu, kila mtu asikie, "Hapa nimekutana na shuka, na kama mnavyoona, nalinyanyua, napita chini yake." Nikalinyanyua, nikaingiza kichwa. Ndani palikuwa na joto na harufu ya marashi.

Ikasikika sauti ya upole, karibu sana na sikio langu, na kwa kuwa maiki ilikuwa katikati yetu, uwanja mzima uliisikia.

"Kijana, hili si shuka, ni shali langu. Na ndani yake nimo mimi."

Nilitaka kurudi nyuma nikashindwa, nyuzi zilikuwa zimenasa kwenye sufu, kila nikivuta shali linakuja na mama anakuja nalo, kofia inatetemeka bila kupumzika, kiwiko changu kikagonga meza, chupa za maji zikaanguka pamoja na chombo cha maua ya plastiki, na mimi badala ya kuweka maiki chini nikawa nasema ndani yake "shikamoo, samahani, shikamoo, samahani" mpaka Sikazwe alipokuja na mkasi akakata sharubu mbili. Nilipofunguliwa macho kitu cha kwanza kukiona ni Madam Atupele akiwa amegeukia ukuta wa darasa, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Majaji walikuwa wameshaita kundi linalofuata. Hapo moyo ukaniuma kweli, kwa sababu kazi yetu ya miezi mizima nilikuwa nimeiharibu mimi, kwa ajili ya suruali. Lakini Yustina alisimama akasema kwa sauti kwamba bado hatujamaliza, akaja akanivua kofia kichwani bila kuniambia neno, akaivaa vilevile na sharubu zake pungufu, akaenda mwanzo wa njia. Upepo ukavuma, yeye akatembea. Akafika kwenye tawi, akasimama, akainama, akapita. Kwenye kamba akalinyanyua shuka, shuka lenyewe, akapita. Alipofika kwa majaji akageuka upande ambao chupa zilikuwa bado zinaokotwa, akamwamkia mgeni rasmi.

"Naomba radhi kwa ajili ya mwenzangu," akasema. "Kwenye kutoona bado ni mgeni."

Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shali, akaomba na yeye aivae ile kofia, akakaa nayo mpaka hotuba. Tulishika nafasi ya pili. Majaji walisema tukatafute namna ya kutenganisha upepo na kitu chenyewe, na Yustina akawajibu kwamba kwa sasa vinatenganishwa na anayeivaa kofia.

Mimi nilibaki na jina. Shule nzima ikaniita Shuka, nikasema si neno, likizo inakuja. Nikapanda gari kwenda nyumbani Matai, nimeshafika stendi, nimesimama chini na begi langu, nasikia dereva mmoja wa bodaboda ananiambia "Shuka", nikamjibu kaka mbona nimeshashuka, kijiwe kizima kikaanguka kwa kicheko. Video ya siku ile ilikuwa imefika Matai kabla ya gari.

Tangu siku hiyo nimeapa kwamba kifaa cha mtu asiyeona atakionyesha asiyeona mwenyewe, na mimi kazi yangu ni kufunga kamba pale atakaponiambia. Na suruali sipigi pasi tena siku ya maonyesho.