Safari ya Kwenda Kulala

Kwetu mtu hasafiri bure. Husafiri kwenda kuzika au kuozesha, kwenda kutibiwa Bombay, kwenda Umra, au kwenda Unguja kuwaona jamaa waliobaki. Nilikuwa nimeshavuka arobaini nilipotambua kwamba sijawahi kupanda ndege bila ya kujua ni nani ananingojea upande wa pili.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na mama alikuwa amefariki si zamani. Nilikaa naye Al Khoudh, Maskati, tangu ndugu zangu walipooa na kuolewa, na kwa kuwa mie sikuolewa, ilionekana ni jambo la wazi kwamba nitabaki naye. Sikulalamika, nilimpenda. Lakini baada ya arubaini, majamvi yalipokunjwa na watu wakarudi makwao, nyumba ikawa kubwa kuliko nilivyokuwa nikiijua. Nikirudi kutoka kazini alasiri hufungua mlango, nikatoa salamu kwa mazoea, halafu nikasimama pale pale na mkoba wangu mkononi, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Kazini nilikuwa na shoga yangu mmoja. Tulikuwa wafasiri katika wizara, meza zetu zikitazamana, na mlango ukifungwa tu tulikiacha Kiarabu tukaingia katika Kiswahili chetu. Yeye alizaliwa Pemba kama mimi nilivyozaliwa Unguja, na tulitaniana kwa hilo kila siku ya Mungu. Alikuwa ameachwa akiwa bado kijana, hana mtoto, anaishi nyumbani kwa dada yake ambako alikuwa na chumba kimoja na wajibu wa kila mtu.

Siku moja ofisi ya safari ya Ruwi ilituletea kalenda. Tulipoufikia mwezi wa Mei ikatokea picha ya mji mdogo wa pwani ya Tunisia, penye Bahari ya Mediterania: nyumba nyeupe, ngazi za mawe zinazoteremka mpaka majini, na paka watatu wamejitupa juani.

"Hebu tazama," alisema shoga yangu. "Hata paka wa huko hawana kazi."

"Wanakula nini?"

"Wanakula usingizi." Akaendelea kuitazama, kisha akasema, "Twende."

"Tukafanye nini?"

"Tukalale."

Tulicheka, lakini kesho yake akaja na jina la hoteli, nyumba ya zamani yenye vyumba sita, na wiki ile tukaanza kupanga. Nimewahi kupanga harusi za wadogo zangu na matanga ya mama yangu, lakini sikuwahi kupanga kitu kwa furaha namna ile. Kila jambo tulilolizungumza lilikuwa la kutofanya. Hatutapika. Hatutamwamkia mtu. Hatutabeba zawadi ya mtu, wala hatutarudi na halwa wala khanga wala dawa za mtu. Tutaamka jua likiwa juu, tutakula samaki aliyekaangwa na mtu mwengine, halafu tutakaa. Shoga yangu alitaka chumba cha upande wa bahari. Mimi nilitaka kiwe na kibaraza, kwa sababu napenda kunywa chai mahali ambapo naweza kuweka miguu juu. Tulibishana juu ya kibaraza kile kwa muda mrefu kama watu wanaogawana urithi.

Mimi ndiye niliyepiga simu kwa mwenye hoteli, mzee mwenye Kiarabu cha mbio kilichochanganyika na Kifaransa. Nusu sikumwelewa. Shoga yangu alisikiliza sikio lake likiwa limegandana na langu, na kila mzee aliposema neno tusilolijua, alinibana mbavu nisicheke.

Kulikuwa na jambo moja lililonitia haya: nilikuwa sijui kuogelea. Nimezaliwa kisiwani na nimeishi Maskati, bahari huku na bahari kule, lakini watoto wa kike wa kwetu waliishia kurowesha miguu tu. Shoga yangu aliogelea tangu utotoni. Aliposikia hivyo akasema hawezi kwenda na mtu mpaka Mediterania akamtazame amekaa mchangani kama mzigo. Basi kila Alkhamisi asubuhi, siku yetu ya kutokwenda kazini, tukawa tunakwenda pwani ya Yiti kwa gari langu, wakati ule njia bado ni ya changarawe. Tulikwenda mapema kabla watu hawajawa wengi, tukipita mbuzi waliokuwa wakiiba dagaa walioanikwa, mpaka upande ambao hapana mtu. Tuliingia majini na suruali zetu na kanzu za pamba na mitandio tumeifunga kisogoni.

Aliniweka chali juu ya maji na kiganja chake chini ya mgongo wangu.

"Jiachie."

"Nimejiachia."

"Hujajiachia, umekakamaa kama mbao. Nani atakukimbia hapa? Nimekushika."

Ilinichukua Alkhamisi nyingi. Siku moja nikaona mbingu tupu, masikio yamo majini, nasikia pumzi yangu mwenyewe tu, na nilipouliza kama bado amenishika, sauti yake ikaja kutoka mbali. Alikuwa amesimama hatua kadhaa kando, mikono kiunoni, anacheka. Sikumbuki wakati mwengine katika miaka ile nilipopata raha kama ile.

Tulikuwa tushaomba likizo aliponiambia habari ya posa. Tulikuwa ofisini, mlango umefungwa, naye akawa anakoroga chai ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka kitambo.

"Pana mtu kaja nyumbani," alisema. "Kafiwa na mkewe. Anakaa Al Amerat, ana watoto watatu. Dada kasema nifikiri."

"Na umefikiri?"

"Nimemuona mara moja. Ana sauti ya upole." Akaniangalia. "Shoga, nna miaka arobaini na tano. Nimechoka kukaa chumba cha wageni."

Nikamkumbatia, nikapiga kigelegele kidogo cha chini chini ili watu wa ofisi za jirani wasisikie, na furaha niliyoionyesha ilikuwa ya kweli. Hilo nataka lieleweke. Ila jioni ile, nilipofika nyumbani, nilikaa ndani ya gari uani muda mrefu sana kabla ya kuzima injini.

"Safari haijafa," aliniambia wiki ya harusi. "Tutakwenda mwakani, inshallah."

Kutoka Al Amerat kuvuka vilima mpaka wizarani kila asubuhi, pamoja na watoto wa kulea, ilikuwa taabu. Akaomba kustaafu mapema. Kabla hajaondoka alinijia, akakaa kwenye meza yangu badala ya kiti chake.

"Mume wangu anataka kunitembeza," alisema. "Kaniuliza nnataka kwenda wapi."

Nikajua kabla hajamaliza.

"Sikujua pa kutaja pengine," alisema. "Mahali pengine sipajui. Utachukia?"

"Nichukie nini? Mji si wangu."

"Niambie kweli."

"Kweli ndiyo hiyo," nikasema. "Tena niachie mimi, nitapiga simu."

Nikapiga. Mwenye hoteli aliijua sauti yangu mara moja. "Bibi wa Maskati!" alisema kwa furaha. Nikamweleza kwamba kile chumba cha vitanda viwili tunataka kiwe na kitanda kimoja kikubwa, kwamba bibi atakuja na mumewe.

"Mabruk, mabruk!" akanipongeza, akidhani bibi harusi ni mimi. "Na yule bibi mwengine, haji?"

"Haji."

"Basi mwambie namsalimia."

"Nitamwambia," nikasema.

Siku walizokuwa huko nilijishughulisha sana. Nilifua mapazia yote ya nyumba. Nilimwalika kaka yangu na watu wake chakula cha mchana, wakala, wakaondoka. Kila baada ya sala ya alasiri nilijikuta nahesabu saa za Tunisia, nikiwaza sasa hivi wamekaa kibarazani.

Aliporudi alikuja Al Khoudh na gudulia la zaituni na sahani ya udongo ya buluu. Nikamuuliza kulikuwaje.

"Kuzuri. Pana upepo." Akavua viatu, akakunja miguu kwenye kochi kama alivyokuwa akifanya zamani. "Lakini mume wangu hawezi kukaa, wallahi. Kila kukicha kashakodi gari. Twende tukaone magofu, twende tukaone soko, twende tukaone jangwa. Nikamwambia jangwa tunalo kwetu! Sikulala hata adhuhuri moja."

Tulicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akasema kwa sauti nyengine, "Nenda wewe. Nenda ukalale kwa niaba yangu."

Nilichukua mwaka mzima kuamua. Nilipomwambia kaka yangu kwamba nataka kwenda Tunisia, aliweka kikombe chini.

"Una nani huko?"

"Sina mtu."

"Sasa utafikia kwa nani?"

"Hotelini."

"Mwanamke peke yake?"

"Nakwenda kupumzika, kaka."

"Kupumzika si hapa? Nyumba nzima ni yako, nani anakusumbua?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatafuta kuelewa. Mwishowe akasema, "Basi nitakupeleka uwanjani, na nitakuja kukuchukua. Hilo hunikatalii."

Nikaenda. Mji ulikuwa kama picha yake, ngazi za mawe na paka wote wapo. Mwenye hoteli, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, alinisikiliza nikijitambulisha, akasema sauti hii anaijua, kisha akachukua sanduku langu bila kuuliza zaidi. Alinipa chumba chenye kibaraza. Niliamka jua likiwa juu, nikala samaki aliyekaangwa na mtu mwengine, nikaweka miguu juu, nikanywa chai. Mpaka adhuhuri ya siku ya kwanza nilikuwa nimeshamaliza yote tuliyoyapanga.

Sikuwa nimejua kwamba mapumziko yanahitaji mtu wa kumwambia "tazama." Mwanamke alipita na punda aliyevaa kofia ya ukili, masikio yametoka kwenye matundu, na sikuwa na wa kumbana mbavu. Siku ya tatu nilijisikia nikimwambia paka, kwa Kiswahili, asogee, na koo langu lilikuwa na kutu. Niliingia baharini pia. Maji yalikuwa baridi kuliko ya kwetu. Nikajilaza chali, nikaelea vizuri kabisa, kisha nikainuka na kugeuka kusema "umeona?" Ufuo ulikuwa mtupu, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akikung'uta mkeka.

Sikulia. Nilikwenda kwenye ofisi ya ndege nikaibadilisha tiketi.

Nilirudi Maskati siku nne kabla ya siku niliyomwambia kaka. Nilichukua teksi mpaka Al Khoudh, nikamwomba dereva asimame nyuma ya nyumba, nikaingia kama mwizi. Sikufungua mapazia. Simu ilipolia sikuipokea, kwani mie sikuwapo nchini. Na hapo, katika nyumba ile ile niliyoikimbia, nikalala. Nililala chumbani kwa mama, kitandani kwake, ambako nilikuwa sijakaa hata mara moja tangu tuutoe mwili wake. Nililala asubuhi, nikaamka nikala mkate na zaituni, nikalala tena mchana. Adhana ikiniamsha nasali, narudi. Hapana mtu aliyenitarajia popote, na kwa mara ya kwanza jambo hilo halikuniuma. Lilinifunika tu, kama shuka.

Siku ya kurudi ilipofika ikanibidi nirudi. Niliita teksi nyengine, nikaenda uwanja wa ndege wa Seeb na sanduku langu. Nikasimama karibu na mlango wa wanaowasili, uso nimeugeuzia ukutani, mpaka abiria walipoanza kumiminika, nikajichomeka katikati yao na kutokeza upande ambao kaka alikuwa akiangalia.

"Masha Allah!" alisema, akalinyakua sanduku. "Umenawiri! Umependeza. Kweli ile bahari ni dawa."

"Nililala sana," nikamwambia.

Alinipeleka moja kwa moja nyumbani kwake, ambako walikuwa wamepika pilau kunipokea. Walinizunguka wakauliza, nikawaeleza habari za punda mwenye kofia, nyumba nyeupe, mzee wa hoteli na Kifaransa chake. Watoto wakacheka pale pale ambapo ningetaka mtu acheke. Kaka akawaambia wageni wawili waliopita kusalimia kwamba dada yake katoka Mediterania, na alilisema neno hilo kwa fahari kana kwamba wazo la safari lilikuwa lake.

Baadaye nilikuwa jikoni na wifi yangu, mke wa kaka. Nimemjua zaidi ya miaka ishirini, mwanamke wa maneno machache, mwenye watoto sita na mama mkwe aliyemuuguza pamoja nami mpaka mwisho. Yeye anaosha, mie nasuuza. Sauti za wengine zilitoka sebuleni. Akafunga bomba ili aweze kuzungumza chini chini.

"Wifi," alisema, "huko, mwanamke akikaa peke yake, kweli hapana mtu anayekuja kumsumbua?"

"Hapana," nikasema.

"Hata kumuuliza atakula nini?"

"Hata hilo."

Alitazama mlango wa sebule, mikono yake ikidondosha maji. Kisha akafungua bomba, akanipa sahani.