Nani Amwamkie Mwenzake

Mama Viputo hakupewa jina hilo kwa mzaha. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kuandika maneno ndani ya viputo, yale mapovu yanayotoka midomoni mwa watu katika hadithi za picha. Mchoraji huchora watu, huacha viputo vitupu, kisha karatasi humfikia yeye mezani na kalamu yake ya kuchovya. Waliomjua walisema mwandiko wake umenyooka kuliko ulimi wake, naye hakubisha.

Enzi jarida la hadithi hizo za picha lilipokuwa likigombaniwa kama maji ya kiangazi, aliandika hadithi zote mbili zilizopendwa. "Sajini na Shemeji" ilikuwa ya kaka yake, sasa marehemu: askari mstaafu na ndugu wa mkewe, wanakamata wezi huku wao wenyewe hawapatani. "Bi Tochi na Wifi" ilikuwa ya mchoraji aitwaye Shoto, kwa kuwa alichorea mkono wa kushoto: mwanamke mwenye tochi na dada wa mumewe, nao wanakamata wezi huku hawapatani. Kufanana huko hata kipofu angekuona. Na kwa kuwa Sajini alitoka miezi mitatu mbele, Shoto akaitwa mwizi. Mwizi anayechora wakamata wezi. Utani huo ulimfuata sokoni na misibani mpaka mvi zikamtoka, na yule kaka akafa bila kumpa mkono.

Sasa amekuja mhariri mpya, aliyezisoma hadithi hizo utotoni chini ya dawati, akataka kitabu kimoja ambamo wanne hao wanakutana. Wanamfukuza mwizi mmoja kutoka pande mbili, wanagongana kwenye kona ya ghala, mwizi anabaki anashangaa. Shoto akakubali kuwachora wote. Mjane wa kaka, kama mrithi wa Sajini, ndiye wa kutia sahihi mkataba.

Kurasa kumi na moja zilikwenda kama mteremko. Ya kumi na mbili ikakwama, tena kwa neno moja. Watu wazima wakikutana, lazima mmoja atoe shikamoo. Mhariri alitaka Bi Tochi ndiye aamkie, maana Sajini alichapishwa kwanza. Shoto alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchora. Lakini mkia wa kiputo, ile ncha inayoonyesha nani anasema, akauelekeza mdomoni mwa Sajini.

Mjane aliitwa ofisini asubuhi hiyo. Alivaa miwani, akaisoma ile picha kana kwamba ni hati ya shamba, akasema Sajini wa mume wake hamwamkii mtu aliyezaliwa kwa kuibwa. Shoto akajibu polepole kwamba basi kitabu kisitoke, yeye amekwishazoea kuitwa jina baya na kaburini atalizoea pia. Mhariri akasimama katikati kama mtu aliyeita ngoma asiyoijua. Mwishowe akamgeukia Mama Viputo. Yeye aliandika zote mbili. Aseme nani mkubwa.

Mama Viputo alikuwa anasafisha kalamu iliyokuwa safi tayari. Hili ndilo aliloliogopa tangu kitabu kitajwe. Angeweza kusema amesahau. Watu wa umri wake husamehewa kusahau.

"Bi Tochi ndiye mkubwa," alisema.

Kisha akaeleza, bila kumwangalia mtu. Kurasa za kwanza za Bi Tochi zilikaa kwenye droo yake miezi minne, maana alikuwa na kichanga na viputo vilisubiri. Jumapili moja akaenda kwa kaka yake, akamsimulia hadithi nzima mpaka machozi ya kicheko yakamtoka yeye mwenyewe. Kaka hakucheka. Aliuliza tu inaishaje. Wiki chache baadaye akamletea kurasa za Sajini aziandikie, naye akaziandika upesi, kwa sababu ni kaka yake. Ulimi hauna mfupa, lakini ulimvunja Shoto mifupa.

Feni ilizunguka juu ya vichwa vyao. Mjane alivua miwani.

"Wifi, ungesema akiwa hai, akajitetea."

"Akiwa hai nilimwogopa."

"Na leo?"

"Leo naiogopa zaidi hii karatasi, nikiiandika uongo."

Mjane alichukua kalamu ya mhariri, akatia sahihi mkataba kwa nguvu mpaka ukatoboka kidogo, akaondoka bila kuaga. Mama Viputo alijua kwamba mlango wa nyumba ya kaka yake umefungwa kwake, na hakuwa na wa kumlaumu.

Alisubiri Shoto aseme neno, hata tusi. Mzee alikuwa ameinamia picha yake kama anaiona mara ya kwanza.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unaniandikia," alisema, "na ulikuwa unajua."

"Nilijua."

Shoto akamwonyesha kiputo cha Sajini kwa kidole. Mama Viputo akachovya, akaandika: Shikamoo. Herufi zilitoka zimenyooka kama kawaida. Akasogeza mkono kwenye kiputo cha Bi Tochi aandike marahaba, Shoto akakifunika kwa kiganja.

"Hapo paache," alisema. "Hajaitikia bado."

Mhariri aliuliza kwa upole wasomaji wataelewaje kiputo kitupu. Mama Viputo aliisogeza karatasi pembeni ikauke, akavuta ukurasa wa kumi na tatu.