Utepe Juu ya Taa ya Njano

Kazini walimwita Taratibu, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka thelathini na moja aliendesha magari ya idara ya maji bila kugonga hata ndoo. Wakurugenzi walikuja na kuondoka, wanene kwa wembamba, na wote walisinzia kiti cha nyuma yeye akiwa kwenye usukani. Alikuwa na mchezo wake mmoja: aliweka kikombe cha chai kilichojaa juu ya dashibodi, akaendesha kutoka lango la ofisi hadi posta, na chai isimwagike. Waliobisha waliumbuka. Siku anastaafu, wenzake walimzawadia kikombe, wakacheka mpaka wakafuta machozi, naye akakiweka kabatini pale ambapo hakuna mgeni ambaye angekosa kukiona.

Mtu wa namna hiyo ukimkabidhi gari, unalala usingizi. Ndivyo alivyofikiri binti yake alipoliacha gari la dizeli nyumbani kwa wazazi. Gari lilikuwa lake na mumewe, lakini wao walikaa mtaa wa pili na kwenda kazini kwa miguu, na mama ndiye aliyehitaji kupelekwa kliniki ya mazoezi ya goti mara tatu kwa wiki. Kliniki yenyewe ilikuwa pua na mdomo. Ukianza kusimulia kisa mlangoni kwako, unafika kabla hujakimaliza. Jumamosi tu ndipo mkwe, ambaye kazi yake ilikuwa kupima ardhi, alipolichukua gari kwenda kumtazama mama yake, mwendo wa saa nzima kwenye barabara kuu, na kulirudisha alasiri.

Hapo ndipo Taratibu alipokuwa akiumia. Kila Jumamosi aliweka kiganja juu ya boneti na kukiondoa haraka. Moto! Chini ya gari kulitoka harufu ya chuma kilichoungua, na feni iliendelea kuvuma hata baada ya injini kuzimwa. Yeye alikulia kwenye magari ya zamani, na gari la zamani likifanya hivyo ujue linakufa.

"Baba, hii gari inataka kukimbia kidogo," mkwe alimwambia siku moja kwa adabu, kitabu cha gari mkononi. "Kwenye bomba la moshi kuna chujio linalokamata masizi. Likijaa, gari inayachoma yenyewe, ila lazima iwe kwenye mwendo, tena mwendo mrefu. Wanasema angalau mara moja kwa wiki..."

"Hicho kitabu kimeendesha gari miaka mingapi?" Taratibu alimkatiza.

Mkwe akacheka, akakunja pembe ya ukurasa, akakirudisha kitabu kwenye droo ya gari. Laiti mambo yangeishia hapo.

Jumamosi iliyofuata walikuwa na wageni, dada zake wawili Taratibu na jirani wa ng'ambo ya barabara. Mkwe alirudi kutoka kwa mama yake, akavua viatu mlangoni, akasalimia. Taratibu akatoka nje. Akaligusa gari. Akarudi ndani ameinua kiganja juu, kama shahidi anayeapa.

"Nimekukanya kwa upole, hukusikia," alisema. "Unaiunguza gari. Lakini sishangai. Kwenu hamkuzoea kuwa na kitu, ndiyo maana hamjui kukitunza."

Jirani akaanza kuchunguza kikombe chake kana kwamba amepoteza kitu humo ndani. Mkwe aliweka ufunguo juu ya meza, akasema, "Nimekusikia, Baba," akavaa viatu vyake. Tangu siku hiyo alikwenda kwa mama yake kwa basi. Kwa wakwe zake aliishia langoni. Alisalimia, akauliza goti la mama linaendeleaje, akaaga.

Taratibu alijua kwamba amezidisha. Alijua hata kabla wageni hawajamaliza chai. Lakini kumwomba radhi kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwoza binti? Hapana. Alijikausha, akasubiri yafutike yenyewe, na hayakufutika.

Huku nyuma gari lilipata matunzo ambayo watu wengine hawayapati kwa watoto wao. Lilioshwa, likapanguswa, likaendeshwa polepole mpaka waendesha baiskeli wakawa wanageuka kumtazama dereva kama ni mzima. Mara nyingine, wakikaribia nyumbani, mngurumo wa injini ulipanda wenyewe na ile harufu ya kuungua ikaanza. Hakungoja. Alizima palepale. "Ipumzike," alimwambia mkewe, kisha akafungua boneti na kuipepea injini kwa gazeti.

Hata oili haikupungua. Kila akichomoa kijiti cha kupimia alikuta imepanda juu ya alama, na siku moja alimwita mkewe aje aone kwa macho yake. "Umewahi kuona gari inayoongeza oili badala ya kuila? Haya ndiyo matunzo!" Mkewe hakujua oili wala kijiti, lakini alimpongeza, maana alimpenda.

Kisha taa ikawaka. Ilikuwa taa ndogo ya njano, pembeni mwa kipimo cha mwendo.

"Hiyo taa ya nini?" mkewe akauliza.

"Taa tu."

"Mbona juzi haikuwepo?"

Safari iliyofuata taa haikuonekana tena. Mahali pake palikuwa na kipande cha utepe mweusi, ule wa mafundi umeme, kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa. Alisema ilikuwa ikimuumiza macho. Tuseme ukweli: aliogopa. Kwenye droo kulikuwa na kitabu, kwenye kitabu kulikuwa na ukurasa uliokunjwa pembe, na alihisi kwamba akiufungua atamkuta mkwe wake humo, amekaa anamngoja.

Wiki tatu baadaye gari lilikata pumzi kwenye mlima mdogo wa kuelekea kliniki, mkewe akiwa ndani. Alikanyaga mafuta, likajikongoja kama mtu aliyebeba gunia, likakataa kabisa. Nyuma yake honi zikapigwa. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani akauliza kama mzee anahitaji kufundishwa gia. Miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumpigia honi kwa ajili ya uzembe. Aliinamia usukani, masikio yakimuwaka moto.

Mkewe akampigia simu binti yao. Binti alikuwa kazini, akampigia mumewe. Haikuchukua muda mkwe akafika na pikapu ya kazini kwake na kamba ya kuvutia.

"Shikamoo, Baba. Pole," alisema. Alimtafutia mama usafiri kwanza, kisha akalala chini ya gari kufunga kamba.

Kwenye gereji, fundi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani juu ya paji la uso, ovaroli limechoka magotini. Alichomeka waya chini ya usukani na kuanza kusoma kwenye kompyuta yake, huku akinong'ona kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Taratibu na mkwe walisimama upande wa pili wa gari. Katikati yao kulikuwa na tairi kuukuu, nao waliitazama hiyo.

"Chujio la masizi limejaa," fundi alisema hatimaye. "Mwanzoni mambo yalikuwa safi. Kila baada ya siku saba gari imechoma masizi yake na kumaliza. Saba, saba, saba. Kulikuwa na mtu anaitoa mbio kila Jumamosi, au siyo? Huyo ndiye aliyekuwa akiiweka hai." Akasogeza kidole. "Halafu ghafla, basi. Kuanzia hapa imeanza kuchoma mara thelathini na nane. Imemaliza mara ngapi? Sifuri. Kila ikianza, mtu anaizima."

Akaenda mbele, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. "Ona. Inanuka dizeli. Ikikatizwa kuchoma, dizeli inashuka kwenye oili. Ndiyo maana imezidi. Ingeendelea hivi, injini yote ingekwenda. Hamkuona imezidi?"

Taratibu alikumbuka jinsi alivyomwita mkewe kutoka jikoni aje kuitazama oili hiyo, mikono yake ikiwa na unga. Alitamani ardhi ipasuke.

"Sasa nani alikuwa anaizima?" fundi akauliza.

Mzee akaisogeza ile tairi kwa ncha ya kiatu.

"Ni mimi," mkwe akasema. "Huwa nina haraka."

"Na huu utepe?" Fundi alikuwa ameubandua, ameushika kwa kucha mbili.

"Mimi pia."

Fundi alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Kaka, mtu mzima na akili zako unaiziba taa? Basi na ukiumwa uwe unafunga tu macho." Kisha akamgeukia Taratibu, sauti ikalainika. "Mzee, wewe unaonekana mtu makini. Bila shaka Jumamosi ulikuwa wewe."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa nafasi pana kabisa, hata lori lingepita. Na Taratibu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kudanganya hata juu ya lita moja ya mafuta, akatikisa kichwa kukubali.

"Nilijua," fundi akasema. "Basi gari usimpe tena huyu."

Mkwe aliendelea kuitazama ile tairi. Hakukasirika, wala hakutabasamu. Kama angekasirika, mzee angepata pa kushika.

Fundi alilichomesha gari masizi yake pale pale uani kwa kompyuta, akamwaga oili yote, akatia mpya. Chujio lilikuwa limeponea chupuchupu. Akatoa masharti: Jumamosi barabara kuu, dakika arobaini bila kusimama, injini isinung'unike kwenye gia kubwa, na ikianza kuchoma iachwe imalize.

Siku zilizobaki mpaka Jumamosi Taratibu hakula vizuri. Mkewe alidhani ni gari. Alimpa moyo, akamwambia dereva hodari kama yeye hajawahi kuharibu kitu, na kila neno lilimchoma. Jumamosi asubuhi alikwenda kwa miguu mpaka kwa binti yake, akasimama langoni kama mkwe wake alivyokuwa akisimama kwake.

"Twende kwa mama yako," alimwambia mkwe. "Fundi amesema barabara kuu."

Alianza yeye kuendesha. Lakini mguu wa miaka thelathini na moja una ukaidi wake. Kila mshale ulipotaka kupita sitini, mguu uliinuka wenyewe. Basi likawapita, pikipiki iliyobeba godoro ikawapita. Mwishoni aliegesha pembeni, akashuka, akazunguka gari.

"Endesha wewe. Mimi sijui."

Mkwe akaendesha. Aliendesha vizuri, na mzee alilitambua hilo kilomita baada ya kilomita, huku akikanyaga breki ambayo haikuwepo upande wake. Mngurumo ukapanda, harufu ya kuungua ikaja. Akabana meno. Baada ya muda ikapotea, na gari likawa jepesi, halina kinyongo.

Mama wa mkwe aliishi kwenye vyumba viwili vilivyofagiliwa mpaka pembeni. Cha kwanza Taratibu alichokiona ni baiskeli. Ilisimama ukumbini juu ya gunia lililokunjwa, tairi zisiguse saruji. Ilikuwa nyeusi, ya zamani sana, na ilimeta. Mnyororo ulikuwa na mafuta mapya.

"Ya marehemu," mama alisema alipomwona anaitazama. "Mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mimi napangusa, mwanangu anatia mafuta kila akija. Karibu, Baba, kaa. Leo nimepata heshima! Huyu kila akija ni Baba, Baba. Nikamuuliza, mbona siku hizi unakuja na basi? Akaniambia, gari nimemwachia Baba, yeye ndiye anayejua kuitunza, halafu mama mkwe anaumwa goti. Nikasema, mwanangu, umepata wakwe."

Akamimina chai, kikombe kikajaa mpaka ukingoni, akampa. Taratibu akakipokea kwa mikono miwili. Chai ikamwagika kwenye sahani, kisha kwenye suruali. Akakiweka mezani.

"Mama," alisema, "mwanao amekuficha. Gari nilimnyang'anya mimi, mbele ya watu. Nilisema kwenu hamkuzoea kuwa na kitu, ndiyo maana hamjui kukitunza."

Tabasamu la mama halikuondoka mara moja. Lilichelewa kidogo, kwa sababu hakuwa ameelewa bado.

"Baba, yameshapita," mkwe akasema.

"Hayajapita. Keti." "Gari niliiharibu mimi. Utepe niliubandika mimi. Akasema ni yeye, nami nikakubali. Fundi akamtukana nikiwa nimesimama hapo."

Mama aliigeukia baiskeli. Aliitazama kama anayeiomba isisikie. Nje, feni ya gari ilikuwa bado inavuma, na hakuna aliyeinuka. Kisha akachukua kitambaa, akapangusa chai iliyomwagika, akajaza kikombe upya na kukiweka mbele ya mgeni wake. Hakusema "hamna neno".

"Kunywa," alisema. "Ukimaliza utaninyanyulia kichwa uniangalie, uyarudie mbele yangu hayo maneno uliyoyasema kwa mwanangu. Mimi nimemlea, na leo ndiyo nayasikia."

Taratibu akanywa chai yote. Halafu akanyanyua kichwa.