Shujaa Aliyeitwa À Suivre

Juzi nilimwona mjukuu wangu akisoma kitabu cha picha, nikamkumbuka dada yangu Furaha alipolazwa hospitalini Kirotshe. Tulikuwa tukikusanya vitabu vya shujaa anayeruka angani. Kila kimoja kiliishia na maneno “à suivre”, nasi tukaamini hilo ndilo jina lake. Hatukujua kwamba maana yake ni “itaendelea”.

Alasiri ile chumba kilinuka dawa, na Furaha alikuwa amekataa kula tangu asubuhi. Nikamwekea kifuani kitabu kipya ambacho Papa alikileta kutoka Goma. Akakifungua, akatazama picha ya kwanza kwa muda mrefu.

“Mama,” akasema kwa sauti ndogo, “unipatie uji. Nikule kwanza, njo tusome.”

Mama akageukia dirisha, akajifuta macho, kisha akachukua kikombe.