Mifuko ya Shati

Mke wa mchongaji hakuwahi kufua shati la mumewe bila kupekua mifuko, na wala si kwa wivu. Humo alikuta manyoya ya ndege, magamba ya konokono, mbegu zisizo na jina. "Baba watoto, umeoa mimi au msitu?" alimuuliza. Mchongaji alitabasamu tu, kidole gumba kikipapasa mishipa ya jani, maana hakugusa brashi wala patasi kabla kidole hakijashiba.

Siku moja mama huyo alichoka, akafinya jani lililonyauka, akalitupa. Mzee hakufoka. Alizamisha mkono kwenye pipa la taka hadi kiwiko, akalitoa, akalinyoosha juu ya goti kama mtu anyooshavyo barua.

Jani hilo leo limesimama mbele ya stesheni, la saruji, refu kuliko ghorofa mbili. Siku ya kulizindua, wakubwa walisifu uzuri wa maumbile. Mama alikuwa akitazama ukingo wa kushoto: mikunjo minne ya vidole vyake, yote imechongwa, hata mmoja haukusahauliwa.

Siku hizi mikono ya mzee inatetemeka, na hatoki tena nje ya geti. Mifuko ya mashati yake ni mitupu. Mama bado anaipekua.