Mektrida Hakupanda Kilema

Tangu serikali ilipopunguza watumishi na mwenzake akarudishwa nyumbani, Mektrida alibaki muuguzi pekee wa zahanati ya gereza, huku chini kwenye tambarare ya Moshi. Ugonjwa wa kuhara ulipoingia mabwenini, baba yake alizikwa kwao Kilema, juu mlimani, yeye akiwakorogea wafungwa maji ya chumvi na sukari. Mama yake hakumsemesha tena.

Krismasi ya mwaka uliofuata aliahidiwa mtu wa kumshikia zamu ili apande nyumbani. Asubuhi alikata jani la sale kwenye uzio wa jirani yake, mtaani Pasua, lile ambalo Mchagga akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Akalipiga fundo, akalitia mkobani.

Mtu wa zamu hakutokea. Na Yoramu, mfungwa kutoka Marangu, alikuwa hoi kwa nimonia.

“Sista, bado upo tu?” Ndelilio, askari wa lango, alimtania. “Pombe ya mbege itaisha huko kwenu, utakuta makapi!”

“Wewe unajua kuchoma sindano?”

“Mimi? Najua kufunga milango.”

Mektrida alipofungua mkoba kutafuta ufunguo wa kabati la dawa, Yoramu aliliona jani.

“Umemkosea nani, dada?”

“Mama yangu.”

“Basi nenda. Mimi sitoroki.” Akacheka mpaka kikohozi kikamkata pumzi.

Alikuwa anawaka moto. Angekosa sindano ya jioni na ya usiku, huenda asingeiona kesho.

Mchana kaka yake, Remigius, alipita kumchukua. Mektrida akamkabidhi sale langoni.

“Mpelekee. Mwambie nina mgonjwa.”

“Hata kwenye msiba nilimwambia hivyohivyo,” Remigius akasema, lakini akalipokea.

Alirudi kesho yake. Hakutaka kuketi.

“Mama amelipokea. Amesema amekusamehe.”

“Kweli?”

“Kweli kabisa.” Remigius akatazama viatu vyake. “Amesema pia, Pasaka usijisumbue kuja. Ameshazoea.”

Mektrida akamshukuru, akamuuliza habari za watoto, akasikiliza majibu yote. Kisha akarudi ndani, akatoa bomba la sindano kwenye maji yaliyokuwa yakichemka.

Homa ya Yoramu ilikuwa imeshuka. Alikuwa ameketi, anakunywa uji.

“Wamesemaje nyumbani?” akauliza.

“Geuka,” Mektrida akamwambia. “Leo upande wa kushoto.”